Kanga Nyepesi ya Mkwe Wangu

Tegueni hiki, wasomaji wangu, kabla chai haijapoa: nina mtumishi hana mgongo wala miguu. Namtuma sokoni, anarudi kabla sijafunga mdomo, na mkononi ana kila kitu isipokuwa nilichomtuma.

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Nipeni Bladensburg, maana ndiko nilikovuliwa nguo mchana kweupe.

Mtumishi huyo ni programu ya kompyuta ya mkwe wangu Dunstan.

Kwa asiyekuwapo wiki iliyopita: mimi ni Mama Rosemary, mjane wa Tarime. Nililetwa hapa Wheaton, Marekani, kulea wajukuu pacha. Binti yangu Rosemary anahudumia wazee, zamu juu ya zamu. Mumewe Dunstan alikuwa na kazi ya kompyuta kule Fairfax, mpaka ofisi ikafungwa na wenyewe wakaambiwa ni hali ya uchumi. Tangu hapo ameketi kwenye meza yetu ya jikoni, kidole hakitoki kwenye kompyuta, na ukimuuliza anasema ana kampuni.

Mlinisoma nikigoma kupanda ile ngazi ya umeme ya kituo cha treni, watu wamejazana nyuma yangu kama ng'ombe mnadani. Mkacheka. Wiki iliyopita mlinisoma nikisimama kwenye ukumbi wa kanisa, mbele ya akina mama wa kamati ya harusi ya Violet, nikajipiga kifua:

"Zawadi zote za kicheni pati zinunuliwe kwenye ukurasa wa mkwe wangu. Zikiharibika, mninyang'anye kiti cha somo!"

Mdomo huu. Mungu alinipa mmoja tu, na bado ni mwingi.

Kiti cha somo ni kile cha ubavuni mwa bibi harusi kwenye kicheni pati, sherehe ya wanawake ya kumpa vyombo. Anayekikalia ndiye anayefungua zawadi na kumfundisha mwali mambo ya nyumba. Na hapa Marekani mimi ni nani? Ni bibi wa kubadilisha nepi. Sijui kuendesha gari. Kiingereza changu kinaanza na tenkyu na kinaishia hapo hapo. Lakini Violet, ambaye mama yake mzazi alishatangulia mbele ya haki, aliwapita kina mama wote wenye magari yao na mikoba yao akaja kunipigia magoti mimi niwe somo wake.

Hakuna kitu kingine nilichopewa katika nchi hii kwa jina langu. Vingine vyote napewa kwa kuwa ni mama wa Rosemary.

Sasa tuendelee.

Kwetu, mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni. Hawaulizani maswali. Hawapeani mkono. Ndiyo heshima. Nyumbani kuna nafasi ya kukwepana: yeye akipita mtoni, mimi napita shambani. Wheaton hakuna mto wala shamba. Kuna jiko moja na choo kimoja.

Rosemary akiwepo, yeye ndiye hubeba maneno. Asipokuwepo, tunaongea na friji.

Msicheke. Friji yetu ni kubwa, nyeupe, na hunguruma kama mzee anayekubali hoja.

Siku akina mama walipoanza kuagiza, niliona kwenye kompyuta picha ya sufuria, nzuri kama kioo. Pembeni yake picha ya pasi. Cha ajabu, pasi na sufuria zilikuwa na ukubwa mmoja.

"Friji," nikasema, nikiutazama mlango wake, "hebu muulize huyo bwana. Ile sufuria inapikia watu wangapi?"

Dunstan hakuinua macho. "Friji, mwambie mama ni sufuria bora. Walioinunua wameipa nyota tano."

"Friji, nyota ziko mbinguni. Nimeuliza ukubwa."

"Friji, mweleze mama vizuri." Hapo akavuta pumzi, nikajua hotuba inakuja. "Duka kubwa la mtandaoni lina mlango wa mbele, ambao watu wote wanaujua. Lakini lina pia dirisha la nyuma, kompyuta zinaongea na kompyuta. Hilo linaitwa API. Ukigonga pale ukauliza sufuria, unatupiwa furushi la maneno. Jina, picha, bei, urefu, upana, uzito, maelezo kama hotuba ya diwani. Sasa wenzangu wameandika programu nzito za kulipokea hilo furushi. Mimi nimeandika nyepesi! Kwa JavaScript tu, lugha ya kurasa za mtandao, mistari michache. Unaipachika kwenye ukurasa wowote. Inauliza, inafungua furushi, inachukua jina, picha na bei. Mengine inatupa. Ndiyo maana nimeiita Kanga. Inajifunga juu ya duka lote, na haina uzito."

"Friji, kwa hiyo ukubwa wa sufuria ameutupa?"

"Friji, mwambie mama ukubwa ni mzigo. Ukurasa ungechelewa kufunguka."

"Friji, na kinachotangulia kwenye ukurasa ni kipi?"

"Friji, cha bei nafuu kuliko vyote. Nimeiamuru ipange kuanzia chini. Nani hapendi unafuu?"

Nisiwadanganye, hapo nilifurahi. Unafuu haujawahi kumuudhi mtu wa Tarime. Lakini ule ukubwa ulinikaa kooni kama mwiba wa sato. Nilitaka kusema: wewe kijana, rudisha ukubwa, ukurasa ukichelewa sisi tutasubiri, mbona tunasubiri basi kwenye baridi?

Angekuwa mwanangu ningemwambia. Angekuwa jirani ningempigia kelele. Lakini mkwe? Friji ikanguruma. Kesho yake nikawapigia simu akina mama mmoja mmoja, nikaisifu Kanga kana kwamba niliifuma mwenyewe.

Rosemary alinikuta na simu sikioni. Alikuwa ametoka zamu, viatu mkononi.

"Mama, siku hizi una vikao kuliko balozi."

"Mwanangu, ni kamati ya Violet. Na Mama Bupe ameomba niwe somo wa binti yake baada ya huyu."

"Na baada ya Bupe?"

"Watatokea wengine. Mabinti hawaishi."

Aliwachukua pacha akaenda kuwaogesha. Nami nikampigia mwingine.

Maboksi yakaanza kuja. Mpeleka mizigo alikuwa akiyapanga mlangoni kwetu, maana anwani ilikuwa yetu. Maboksi makubwa! Nikatoka kuyabeba, nimekunja kiuno kama ninayeinua gunia la mtama. Nikanyanyua la kwanza kwa nguvu zote.

Nusura nianguke chali. Halikuwa na uzito wowote.

Nikalitikisa. Likasema kiri, kiri.

Kulifungua siwezi. Zawadi ya mwali haifunguliwi mwali hayupo, ni mkosi. Nikaingia jikoni nalo, nimelishika kwa vidole viwili.

"Friji," nikasema, "muulize huyo bwana. Boksi la seti ya masufuria, mbona nalibeba kama mkate?"

Dunstan alikuwa amesimama karibu na sinki. Akafunua mdomo. Akaufunga. Akaenda akaifungua friji yenyewe, akachungulia ndani muda mrefu, kana kwamba jibu liko nyuma ya maziwa. Kisha akaifunga taratibu na kutoka nje bila koti, na majani yote ya mtaa yalikuwa yameshaanguka kwa baridi.

Nikajiambia, vyuma vya Marekani ni vyepesi. Kila kitu cha huyu kijana ni chepesi, hata masufuria yameambukizwa.

Jumamosi ikafika. Ukumbi wa kanisa kule Bladensburg umepambwa vitenge, pilau inanukia, Violet ameketi kwenye mkeka kajifunika, na mimi nimekalia kiti changu. Nisiseme uongo, nilikikalia chote.

Akaingia Mama Ghati, mwenyekiti wa kamati, wa kwetu Tarime kabisa. Yeye peke yake alikuwa amekataa Kanga. Alikuja na zawadi yake kichwani haijafungwa hata karatasi: sufuria aliyoinunua pale dukani Wheaton, kubwa, mtoto angeweza kuogea ndani.

"Mimi sinunui kivuli," akatangaza. "Nanunua nilichokigonga kwa kidole." Akaigonga. Ngoooh! Ukumbi mzima ukasikia.

"Hongera, dada," nikamwambia. "Wengine tumekwenda na wakati."

"Nendeni. Mkifika mtupigie simu."

Mshereheshaji alikuwa Mumbi, Mkenya, nesi, mdomo wake haujui breki. Akaanza yeye mwenyewe na boksi lake, akalicheza kutoka mlangoni hadi mbele, kiuno kinazunguka, akina mama wanapiga vigelegele.

"Violet mtoi wangu," akasema, "hizi sufuria nimekununulia ni za kazi! Pikia bwana. Pikia mama yake. Pikia hata wale hawakualikwa na wanajua hawakualikwa. Mtu asitoke kwako na njaa, umenisikia?"

"Nimesikia, mama," Violet akajibu chini ya kitenge.

Nikafungua boksi. Nikatoa karatasi. Chini ya karatasi, karatasi. Nikaendelea kutoa kama ninayemenya kitunguu, na macho yakaanza kunitoka machozi vile vile.

Chini kabisa kulikuwa na kifuko. Ndani ya kifuko, seti ya masufuria. Zilikuwa na mifuniko. Zilikuwa na mikono. Zilikuwa zinang'aa kama kwenye picha.

Kubwa kuliko zote ilitosha kwenye kidole gumba changu.

Mumbi akainama. Akaitazama. Akanitazama.

"Aki Mama Rosemary," akasema polepole, "hii ni ya kupikia nani? Siafu?"

Ukumbi ukapasuka. Walicheka mpaka wengine wakashikilia meza. Violet akajifunua, akaichukua ile sufuria, akasoma maandishi ya kwenye kifuko.

"Ni vya nyumba ya mwanasesere, mama," akaninong'oneza.

"Fungua lingine!" akapaza Mama Ghati. "Tuone!"

La pili lilikuwa la Mama Bupe. Pasi. Ungeweza kunyooshea nayo kope. La tatu, mapazia ya sebuleni, yangefunika dirisha la kiberiti. Lililofuata, makochi, seti nzima na meza yake ya kahawa, Mumbi akayaweka yote kwenye kiganja akayazungusha ukumbini: "Karibuni mkae, karibuni, msisukumane!"

Lakini kicheko cha mwanamke huisha zamu yake inapofika. Kila boksi lilipofunguka, mcheko mmoja ulikufa. Mwishowe aliyebaki anacheka ni Mama Ghati peke yake, maana sufuria yake ilikuwa pale sakafuni, kubwa kama ngoma ya mtemi.

"Jamani, nisaidieni," akasema. "Anayeolewa ni Violet, au ni mwanasesere wake?"

Akaigonga tena sufuria yake.

"Upande wa bwana harusi wanakuja kuchukua vyombo saa hizi hizi. Tuwaambie nini? Kwamba binti yetu tumempeleka na jiko la kuchezea?" Akanigeukia. "Mama Rosemary, ulisema mwenyewe, kwa mdomo wako, ukumbi huu huu. Inuka."

"Mwenyekiti, mimi sikuviagiza vidogo. Ni programu."

"Programu ina mwenyewe. Yuko wapi?"

Yuko wapi! Alikuwa nje, kwenye gari. Ndiye aliyetuleta mimi na Rosemary, na maboksi yetu. Kicheni pati haiingii mwanamume, kwa hiyo Mumbi akaenda akausukuma mlango kidogo, akaita: "We fundi wa kompyuta! Kuja hapa utetee sufuria zako!"

Nikasikia viatu vikija, vikasimama nyuma ya mlango. Mlango ukabaki umerudishwa. Nikasogea, nikautazama ubao wake.

"Mlango," nikasema, "muulize huyo bwana..."

"Anaongea na mlango!" Mumbi akapiga yowe. "Woi! Mama wa watu anaongea na mlango!"

"Habari za friji yenu tulishazisikia," Mama Ghati akasema. Akaja mpaka karibu yangu, akashusha sauti, na ile sauti ya chini iliniuma kuliko kelele zake. "Sikiliza, mama. Mimi si mkatili. Ukitaka kiti chako, fungua huo mlango. Mtazame mkweo usoni. Muulize kwa mdomo wako sisi tukisikia. Ukiweza, rudi ukae, na mimi nitakunywesha maji, yaishe. Usipoweza, niachie nikae mimi."

Wakenya pale, na wa pwani, na wale wa Bukavu, waliona ni jambo dogo. Mlango tu! Fungua uulize! Lakini Mama Ghati ni wa kwetu. Alijua vizuri alichokuwa anaomba. Ni afadhali angeniambia nivue kanga nicheze.

Marehemu mume wangu alikwenda kaburini hajawahi kumtazama mama yangu usoni. Na mama yangu alimpenda.

Nikageuka nyuma. Violet alikuwa ameinuka kwenye mkeka, kitu ambacho mwali hafanyi, amenishika pindo la kanga. Kwenye kidole amevaa ile sufuria kama pete.

"Mama, kaa na mimi," akasema. "Hata kama ni kwenye sakafu."

Wasomaji wangu, nilifungua mlango.

Nikamwona. Ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Nimekaa naye nyumba moja, nimekula meza moja, nimemfulia mashati, na sikujua kwamba ana kovu. Na ni kijana! Nilikuwa nikijua sauti yake na viatu vyake, nikadhani ni mtu mzima.

"Dunstan," nikasema.

Nyuma yangu nusu ya ukumbi walipiga kigelegele, nusu nyingine wakaita jina la Yesu.

"Dunstan mwanangu, mbona umenifanya hivi?"

Akatazama chini kwa mazoea. Kisha na yeye akainua macho. Yalikuwa mekundu.

"Mama, nilijua," akasema. "Niliagiza birika la nyumbani kwa Kanga hiyo hiyo, nilijaribu. Likaja siku ile ile ya maboksi ya kwanza. Dogo kama kifuniko cha soda. Nikakaa nikafikiri, ndipo nikaelewa: nimeiamuru ilete cha bei ya chini kuliko vyote, na sufuria ya bei ya chini kuliko zote duniani ni ya mwanasesere. Na ukubwa, ambao ungetuonya, nimeutupa mimi mwenyewe."

"Siku hizo zote? Tungeweza kuvirudisha!"

"Tungeweza, mama. Muda ulikuwepo."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Ningesemaje?" akasema. "Wewe ni mama mkwe wangu. Ulisimama ukanidhamini mbele za watu wakati hata ofisi yangu ilikuwa imenikataa. Nije nikwambie kupitia friji kwamba nimekuaibisha? Nilifungua mdomo siku ile pale kwenye sinki. Haukutoa kitu."

Hasira yangu ikayeyuka kama samli. Maana nilimwelewa. Mwiba uliokuwa kooni kwangu ulikuwa kooni kwake, na wote wawili tukaumeza kwa heshima.

"Haya," nikasema. "Basi yamepita. Mama Ghati, nimemtazama na nimemuuliza. Nipishe nikakae."

Mama Ghati alikuwa ameshaanza kusogea. Hata kikombe cha maji alikuwa amekishika. Lakini Dunstan hakuwa amemaliza.

"Ila sikuacha hivi hivi, mama," akasema. "Usinione mpumbavu kiasi hicho. Nilimwambia Rosemary usiku ule ule. Nikamsihi akwambie yeye, maana yeye ndiye mdomo wetu."

Vichwa vyote vikageuka kumtafuta Rosemary. Hata pilau, nadhani, iliacha kuchemka.

Rosemary alikuwa pale pale, kwenye meza ya vyakula, ameshika trei ya sambusa. Alikuwa ameishika tangu boksi la kwanza. Nikakumbuka sasa kwamba walipocheka wote, yeye sikumwona akicheka, na walipokasirika sikumwona akikasirika.

"Mtoto anafanya zamu juu ya zamu," nikawaambia wenzangu haraka haraka. "Anarudi hajui hata ni siku gani. Ana pacha. Kichwa cha mtu si kabati. Rosemary, mama, si ulisahau?"

Akaiweka trei chini. Akajifuta mikono. Macho yake hayakuja kwangu kwanza, yalikwenda kwenye kile kiti cha somo, kitupu, na mto wangu mwekundu juu yake. Akakitazama kama mwanamke anavyomtazama mke mwenza aliyemnyang'anya mtu wake.

Ndipo akanitazama mimi.

"Sikusahau, mama," akasema.